Khabari za Tipu Sultan, Mfalme wa Mysore, na Moto wa Fashifashi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeumba moto na maji, akamfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Mtu asimamaye ufukweni Mwanza wakati wa magharibi, akaitazama meli itokayo kwenda Ukerewe au Bukoba, huona taa zake na huusikia mvumo wa mashine yake, wala hakumbuki kuwa ndani ya chombo kile, kikiwa kimetimiza sharti za usafiri, mna kasha dogo lenye fashifashi za khatari. Fashifashi hiyo ikiwashwa hupanda juu kiasi cha mita 300 au zaidi, kisha hufunguka mwavuli mdogo, na chini ya mwavuli huning'inia moto mwekundu uwakao muda usiopungua sekunde 40, ukishuka polepole, ili aliye mbali apate kujua kuwa hapo pana watu wanaoangamia. Na watu wa Ziwa hili hawana haja ya kuelezwa maangamizi ya majini ni nini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikachukua roho za mamia ya watu, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Hapana nyumba nyingi katika mwambao huu zisizokuwa na jamaa au jirani aliyefiwa katika misiba hiyo miwili.

Basi moto ule mwekundu una nasaba yake, kama mtu alivyo na nasaba. Haukuzuka peke yake, wala haukutoka kwa watu wa Ulaya peke yao kama wengi wanavyodhani. Katika nasaba hiyo yumo mfalme mmoja Mwislamu wa Bara Hindi, ambaye jina lake wengi wamelisikia na khabari zake wachache wamezijua. Mfalme huyo ni Sultan Fath Ali, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, aliyekufa na upanga mkononi mwaka 1799. Katika maisha yake mna mambo ya kuigwa, na mna mambo ya kuogopwa, na kila moja lina faida yake kwa mwenye akili.

Tipu alizaliwa mahali paitwapo Devanahalli, karibu na mji wa Bangalore, tarehe 20 Dhulhijja 1163, yaani mwezi wa Novemba 1750. Mama yake alikuwa Fatima Fakhrunnisa, na baba yake Haidar Ali. Jina la Tipu alipewa kwa kutabaruku na mja mwema mmoja, Tipu Mastan, ambaye kaburi lake liko Arcot. Ukoo wao haukuwa ukoo wa kifalme. Babu yake, Fath Muhammad, alikuwa askari tu katika jeshi la Nawabu wa Arcot, na kazi aliyopewa ilikuwa kuwaongoza watu hamsini wa fashifashi. Fashifashi za wakati huo zilikuwa za mianzi, na kazi yake kubwa ilikuwa kupeleka ishara tu: zikirushwa usiku, kikosi cha mbali kikajua kuwa wakati wa kuondoka umefika au kuwa adui ameonekana. Mwenye kuisoma khabari hii na aliweke neno hili moyoni, kwani mwisho wa habari utalirudia: moto huu katika nyumba ya Tipu ulianza kwa kazi ya ishara.

Wala ilimu yenyewe haikuanzia hapo. Kabla ya babu yake Tipu kwa zaidi ya miaka mia nne, huko Sham, alikuwako fundi mkubwa wa Kiislamu, Hasan al-Rammah, aliyefariki karibu na mwaka 694 wa Hijra, nao ni 1295. Mtu huyu alitunga kitabu juu ya upanda farasi na zana za vita, na ndani yake akaeleza namna nyingi za baruti na za fashifashi, na akaonyesha namna ya kuisafisha shura kwa maji na jivu la kuni. Kuisafisha huko ndiko ufunguo wa kazi yote, kwani shura chafu huvuta unyevu wa hewa, na baruti yake hufifia wala haisukumi. Wachina walitangulia katika jambo hili, na Waarabu wakaiita shura kwa jina la theluji ya China. Basi ilimu ikapita kutoka mkono hata mkono, kama mali ya biashara ipitavyo kutoka bandari hata bandari.

Haidar Ali hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa na akili kali na moyo usiotishika. Alipanda katika jeshi la Mysore mpaka mwaka 1761 amri yote ya nchi ikawa mkononi mwake, ingawa raja wa Kihindu wa ukoo wa Wodeyar aliachiwa jina la ufalme. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikosa kusoma, alimtafutia mwanawe walimu. Tipu akafundishwa Qurani na fiqhi, Kifarsi na lugha za nchi yake, na kupanda farasi, na kulenga shabaha. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba tu alitiwa katika vita vya kwanza na Kampuni ya Kiingereza, vilivyoanza 1767, akawaongoza wapanda farasi mpaka viungani mwa Madras.

Ni Haidar na mwanawe walioigeuza fashifashi kutoka ishara ikawa silaha. Jambo walilolifanya ni dogo kwa kulisikia na kubwa kwa athari yake: waliuondoa mwanzi wakatia bomba la chuma kilichofuliwa. Na sababu yake ni hii. Baruti ina vitu vitatu: shura, makaa, na kiberiti upele, lile jiwe la manjano. Makaa ndiyo chakula cha moto. Shura ndiyo pumzi yake, kwani ndani yake imefungwa hewa ambayo moto hauwi hai bila yake. Na kiberiti huurahisisha moto kushika upesi. Vitu hivi vikiungua ndani ya bomba lililozibwa upande mmoja, hewa ya moto hutoka kwa nguvu upande wa pili, na bomba likasukumwa mbele, kama mashua ndogo inavyorudi nyuma mtu akiruka kutoka ndani yake kwenda pwani. Mwanzi ukizidishiwa baruti hupasuka. Chuma huvumilia, na ndani yake baruti hushindiliwa zaidi, na msukumo ukawa mkubwa zaidi. Bomba lilikuwa na urefu wa shibiri moja hivi, likafungwa kwa ngozi katika fimbo ya mwanzi ya futi nne au zaidi ili lisiyumbe njiani. Nyingine zilifungwa upanga badala ya fimbo. Zilizo nzuri zilikwenda mwendo wa maili moja na zaidi.

Haidar alikuwa na watu wa fashifashi kiasi cha 1,200. Tipu akawazidisha mpaka wakakaribia 5,000. Akaamrisha kitabu cha sharti za jeshi kiandikwe, nacho ni Fathul Mujahidin, kilichotungwa kwa Kifarsi na Zainul Abidin Shushtari, na ndani yake watu wa fashifashi wakapangiwa nafasi yao katika kila kikosi. Walifundishwa kupima mwinamo wa kurushia kwa kutazama ukubwa wa bomba na umbali wa adui. Mtaa mmoja wa Bangalore uliokuwa na mafundi wa kazi hii uliitwa Taramandalpet, yaani soko la kundi la nyota, kwa sababu ya cheche zilizoruka juu yake.

Mwezi wa Septemba 1780 jeshi la Kanali William Baillie lilizungukwa na Haidar na Tipu mahali paitwapo Pollilur. Moto wa Mysore ukayapata magari ya baruti ya Waingereza, yakalipuka katikati ya safu zao, na Baillie akatekwa. Katika historia ya Waingereza huko Bara Hindi hakukuwa kabla ya siku hiyo na kushindwa kukubwa kama huko. Haidar alifariki mwezi wa Desemba 1782 vita vikiendelea, na Tipu akashika ufalme akiwa na umri wa miaka thelathini na mbili. Mwezi wa Machi 1784 Waingereza wakafanya naye mapatano huko Mangalore, kila mmoja akarudisha alichokiteka.

Katika miaka ya amani iliyofuata ilionekana kuwa mtu huyu hakuwa mpiganaji tu. Alitengeneza sarafu mpya na kalenda mpya, akahimiza ukulima wa hariri ambao mpaka leo ni maarufu katika nchi ya Mysore, na akakusanya maktaba ya vitabu kiasi cha 2,000, vya tafsiri, hadithi, fiqhi, tasawwuf, tiba na tarekhe. Na jambo liwahusulo zaidi watu wa mwambao huu ni kwamba aliweka nyumba ya biashara huko Maskati, katika zama za mabwana wa Albusaidi, kabla Sayyid Said bin Sultan hajahamishia makao yake Unguja. Wakala wake akauza huko mchele, sandali, iliki na pilipili manga za Mysore, na akanunua farasi, lulu, tende, shaba na kiberiti upele. Majahazi yaliyosafiri kwa kaskazi na kusi kati ya Maskati, Malabar na Unguja yalikuwa katika bahari moja na biashara moja. Na Waislamu wa Malabar, ambao ni Mashafii kama watu wa mwambao wetu, walikuwa miongoni mwa raia zake.

Alituma wajumbe mbali. Mwaka 1786 msafara mkubwa uliondoka kwenda Istanbul kwa Sultan Abdulhamid wa Kwanza kutafuta msaada. Wengi wakafa njiani kwa maradhi, nao waliofika wakapewa heshima wala hawakupewa jeshi. Mwaka 1788 wajumbe wengine wakapokewa na mfalme Louis wa Kumi na Sita wa Ufaransa. Hao walikuja kutaka askari, lakini pia walitaka mafundi: wa saa, wa vioo, wa vyombo vya udongo. Hapa iko ibra. Mfalme huyu alifahamu kuwa nguvu za adui wake zatoka katika ufundi wake, na kuwa ufundi hupatikana kwa kufundishwa, si kwa kutamani.

Haifai kumsifu mtu kwa alichokosa. Tipu alikuwa mkali kupita mpaka kwa walioasi na kwa aliowashuku. Wakristo wa Mangalore aliwahamisha kwa maelfu mwaka 1784 akawatia kifungoni. Na huko Coorg na Malabar watu wengi walilazimishwa kusilimu. Kumlazimisha mtu kuingia katika dini si katika dini, na ulimi uliotamkishwa shahada kwa upanga haufungui moyo. Ni haki pia kutaja kuwa mtu huyo huyo, mwaka 1791, majeshi ya Maratha yalipoliteka nyara hekalu la Kihindu la Sringeri, alimwandikia mkuu wake kwa heshima na kumpelekea fedha na nafaka za kulitengeneza, na barua zake zilipatikana baadae na kuhifadhiwa. Mwenye insafu huyaweka yote mawili katika mizani, wala hafichi pishi la upande mmoja.

Vita vya tatu vilianza 1790 na kumalizika 1792, na Tipu akashindwa. Alitoa nusu ya nchi yake, akatozwa fedha nyingi mno, na wanawe wawili, watoto wadogo wasiofika umri wa kubaleghe, wakachukuliwa na Lord Cornwallis kuwa rehani mpaka deni litimizwe. Inapasa kufikiri moyo wa baba alipowatazama wakipanda tembo kwenda kambini kwa adui. Deni akalilipa, na watoto wakarudi mwaka 1794.

Tangu hapo alijua kuwa vita vya mwisho vyaja. Mwezi wa Oktoba 1798 Sayyid Sultan bin Ahmad wa Maskati alifanya mapatano na Kampuni ya Kiingereza, na mlango ule wa bahari ukaanza kumfungia. Mwaka 1799 majeshi ya Kampuni na ya Nizamu wa Hyderabad yakaja mpaka kwenye ngome yake ya Srirangapatna, iliyo juu ya kisiwa katikati ya mto Kaveri.

Katika usiku wa kuzingirwa huko ndipo ilipoonekana kazi ya moto wa rangi. Usiku wa tarehe 5 Aprili Kanali Arthur Wellesley, yule ambaye baadae aliitwa Duke wa Wellington, aliingia na askari wake katika msitu wa miti mbele ya ngome, akapigwa kwa risasi na fashifashi gizani hata akapotewa na watu wake, na wengine wakatekwa. Askari wa Kiingereza waliokuwako huko waliandika katika khabari zao kuwa watu wa Mysore kwanza huwasha mianga ya samawati, uwanja wote ukawa kama mchana, na mara ile mvua ya fashifashi ikawashukia. Yaani mwanga wa rangi ulikuwa jicho, na fashifashi ilikuwa mkono.

Inafaa kuueleza mwanga huo, kwani watu hudhani rangi za moto ni uchawi, na si uchawi bali ni ada aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika maadini. Kila maadini yakipata joto kali hutoa nuru ya rangi yake mwenyewe, wala haibadiliki, iwe Mwanza au iwe China. Mchuzi wenye chumvi ukimwagika motoni, ulimi wa moto huwa manjano, na hiyo ni rangi ya sodiamu iliyo ndani ya chumvi. Mrututu, ambao asili yake ni shaba, huutia moto rangi ya kijani. Maadini yaitwayo strontiamu hutoa wekundu mkali, na bariamu hutoa kijani cha majani mabichi. Wataalamu wawili wa Heidelberg, Bunsen na Kirchhoff, walilithibitisha jambo hili kati ya 1859 na 1860, wakaweza kuyajua maadini kwa kuitazama nuru yake tu, hata yaliyo katika jua.

Ama mianga ya samawati ya Bara Hindi, ilitengenezwa kwa shura na kiberiti pamoja na ithmidi, nalo ni jiwe lile lile la wanja wa manga, au zarnikhi badala yake, nayo ni sumu. Ukweli ni kuwa nuru yake ilikuwa nyeupe yenye kuelekea samawati, kali mno, wala si samawati ya kweli. Samawati ya kweli ni ngumu kuliko rangi zote: yataka shaba iungane na klorini ndani ya ulimi wa moto, na moto ukizidi joto kidogo tu muungano huo huvunjika na rangi ikapotea. Chumvi za klorini zilizoleta rangi safi zilitengenezwa kwanza huko Ufaransa na Berthollet katika miaka ya 1780, na strontiamu ilitambuliwa mwaka 1790 kutokana na jiwe la Scotland. Mafundi wa fashifashi hawakuzitumia vizuri ila katika karne iliyofuata. Kwa hivyo Tipu alikufa bila kuuona moto mwekundu kama ule ulio katika makasha ya meli za leo.

Tarehe 2 Mei risasi ya mzinga wa Waingereza iliipata ghala ya fashifashi ndani ya ngome, ikalipuka yote, moshi mweusi na nuru nyeupe vikapanda juu ya kuta. Moto aliouweka kwa adui ukamla mwenyewe. Ukuta ukatobolewa. Tarehe 4 Mei 1799, mwishoni mwa Dhulqaada 1213, wakati wa adhuhuri, askari wakavuka mto wakiongozwa na Jenerali David Baird, ambaye alipata kufungwa katika ngome hiyo hiyo baada ya Pollilur. Inasimuliwa kuwa waziri mmoja, Mir Sadiq, alikuwa amewaondoa walinzi wa ukuta saa hiyo kwa kisingizio cha kuwapa mishahara. Na watu wa Bara Hindi mpaka leo hulitaja jina lake kwa laana. Tipu alikuwa ameketi kula. Aliposikia, aliinuka akaenda langoni, akapigana kwa miguu na juu ya farasi, akajeruhiwa zaidi ya mara moja, na jioni maiti yake ikapatikana kwa taa chini ya rundo la maiti wengine, mwili ungali na joto. Umri wake ulikuwa miaka arubaini na minane. Kesho yake akazikwa karibu na baba yake na mama yake katika kuba walilolijengewa, na usiku ule ikapiga radi kubwa iliyowaua hata maofisa katika kambi ya washindi. Watu wakajua kuwa juu ya moto wa wanadamu uko moto mwingine.

Katika ghala za ngome zilipatikana fashifashi 700 zilizo tayari, na mabomba matupu 9,000 ambayo hayajatiwa baruti. Nyingine zilibaki zimefichika: mwaka 2018, katika kisima kikavu cha ngome ya Nagara, zilifukuliwa zaidi ya 1,000. Na vitabu vyake vikagawanywa, vingine Calcutta na vingine London.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la khabari hii. Waingereza walipeleka fashifashi za Mysore kwao, katika karakana ya silaha ya Woolwich. William Congreve akazitazama, akanunua fashifashi kubwa zilizouzwa London, akaona hazifiki hata nusu ya mwendo wa zile za Tipu. Tangu 1804 alizipima moja moja: urefu, uzito, kiasi cha baruti, mwinamo, kila jaribio akaliandika, na lililokosa akaliandika pia. Mwaka 1806 fashifashi zake ziliuchoma mji wa Boulogne, na mwaka 1807 Copenhagen. Mafundi wa Taramandalpet hawakuwa wajinga. Walimzidi Congreve kwa mikono. Lakini ilimu yao ilikaa katika mikono tu, na ufalme ulipoanguka, mikono ikatawanyika na ilimu ikafa. Congreve aliiandika, na iliyoandikwa ikabaki. Hasan al-Rammah naye aliandika, ndiyo sababu jina lake lingali likitajwa baada ya karne saba.

Na moto huo haukubaki katika kuua. Mwishoni mwa mwaka 1807, hapo hapo Uingereza, manowari iitwayo Anson ilivunjika pwani ya Cornwall, na watu wengi wakazama mbele ya macho ya waliokuwa nchi kavu, umbali mdogo tu, bila njia ya kuwafikia. Mmoja wa waliotazama, Henry Trengrouse, hakuweza kulala kwa aliyoyaona, akatengeneza fashifashi ibebayo kamba kutoka chomboni mpaka pwani, ili watu wavutwe kwayo. Mwaka 1859 mjane mmoja wa Marekani, Martha Coston, alipewa hati ya mianga ya ishara ya rangi nyekundu, nyeupe na kijani, aliyoikamilisha kutokana na karatasi alizoziacha mumewe. Na katika kanuni za bahari za leo, fashifashi ya khatari haina budi kuwa nyekundu. Basi moto ule uliotoka kwa Fath Muhammad ukiwa ishara, ukawa silaha kwa Haidar na Tipu, umerudi kuwa ishara. Na juu ya Ziwa la Nyanza leo kazi yake ni kumwita mwenye boti aje kuokoa.

Enyi ndugu Waislamu, yako mambo matatu ya kushika katika khabari hii. La kwanza, maulamaa wetu, akiwamo Imamu Ghazali na Imamu Nawawi, wamehisabu ufundi ambao watu hawana budi nao kuwa ni faradhi ya kutosheleza: akisimama mmoja wameokoka wote, na wakiuacha wote wote wana dhambi. Ilimu ya maadini na moto ni katika huo, na kijana aipendaye asidhihakiwe wala asifukuzwe, bali apelekwe kwa mwalimu wa skuli aisome kwa vipimo na kwa kuandika. La pili, asiachwe kuchanganya baruti uani kwao kwa ajili ya harusi au sikukuu. Ghala ya Tipu ililipuka ikiwa mikononi mwa mafundi. Itakuwaje kopo la mtoto? Shura haimjui mwenye nia njema, na jicho lililopofuka halirudi. La tatu, moto mwekundu juu ya maji ni amana. Aurushaye kwa mchezo amesema uwongo kwa moto, na siku ya kweli atawafanya watu wasisadiki. Aumilikiye chombo akausahau, au akaweka uliokwisha muda wake, amekhini roho za abiria wake. Na auonaye kutoka ufukweni akarudi kulala ataulizwa.

Tipu Sultan alikuwa na ushujaa, na hazina, na fashifashi elfu tisa zilizongoja kujazwa. Hayo yote hayakumfaa siku aliyoachwa na walinzi wake. Lakini kitu kidogo alichokitengeneza, bomba la chuma la shibiri moja, kimemshinda umri, kikavuka bahari na kuingia katika mikono ya watu wa mila nyingine, na leo kimo katika kasha la meli ifungayo Mwanza.

Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake na amlipe kwa mema yake, awarehemu waliozama katika Ziwa hili, na awajaalie walio hai kuwa na ilimu yenye manufaa. Amin. Wallahu aalam.